Mwombaji wa faiba apewe tarehe kwa maandishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo naamini limewakuta wengi waliohamia nyumba mpya pembezoni mwa Dar es Salaam, nalo ni safari ya kuomba simu ya mezani na intaneti ya faiba, tangu siku mteja anapojaza fomu hadi siku taa ya kisanduku inapowaka ukutani kwake. Safari yangu imechukua siku 86. Kampuni iliyonihudumia sitaitaja, kwanza kwa sababu kazi hatimaye waliifanya na fundi wao wa mwisho alikuwa mtu anayeijua kazi yake, na pili kwa sababu majirani walioomba kwa kampuni nyingine wamenisimulia mambo yanayofanana mno na haya yangu.

Tulihamia Madale mwezi Februari, upande wa nyuma wa nyumba ukiwa bado haujapigwa lipu, kama tulivyozoea wengi wetu kuhamia mapema ili kuikimbia kodi. Mimi ni mhasibu na siku tatu kwa wiki nafanya kazi nikiwa nyumbani, kwa hiyo intaneti kwangu ni kama jembe kwa mkulima. Simu ya mezani niliiomba kwa ajili ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 81, ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho na simu za kugusa kioo zimemshinda kabisa. Simu ya vitufe anaiweza bila kuona: anapapasa kitufe cha 5, chenye kinundu kidogo katikati, kisha kutoka hapo anajua kila tarakimu iko wapi.

Fomu niliijaza Machi 3 kwa wakala aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli kando ya barabara kuu, na aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba faiba imeshafika Madale. Niliandika namba ya kitambulisho cha Taifa, namba ya simu, kisha anwani yangu kamili, yaani namba ya nyumba, jina la mtaa na postikodi ya tarakimu 5, kwa maana operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilituachia taarifa hizo nami nilijivunia kuzitumia. Wakala aliisoma anwani, akaniangalia, akauliza, “Sasa mzee, hapo ni karibu na wapi?” Nikamjibu kwamba ukipita kijiwe cha bodaboda unakata kulia kwenye mwembe mkubwa, naye akaandika mwembe. Mwembe ule ulikatwa wiki mbili baadaye kupisha msingi wa nyumba, na mafundi wa kwanza waliotumwa walizunguka mtaani asubuhi nzima kisha wakarudi walikotoka.

Kabla ya hapo zilipita wiki tano ambazo ndani yake jibu lilikuwa moja tu, “Tutakupigia.” Nilipiga huduma kwa wateja mara nyingi, na kila mara nilijieleza upya kwa mtu mpya ambaye alinisikiliza kwa heshima, akaniomba niwe na subira, akanihakikishia kwamba ombi langu “liko kwenye mfumo.” Sina ugomvi na vijana wale, kwani nilikuja kuelewa kwamba wao wenyewe hawakuwa na lolote la kuniambia, maana mfumo waliokuwa wakiutazama ulionyesha kwamba nimeomba, na haukuonyesha kitu kingine chochote.

Ukweli niliupata Aprili 9, alipokuja mpimaji mwenye buti za mvua na karatasi iliyoloa. Alisimama chini ya nguzo iliyo mita 340 kutoka getini kwangu, akanionyesha boksi jeusi lililofungwa juu yake, akasema, “Hili lina matundu 8, yote yana watu.” Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo wakala hakuniambia, pengine kwa kuwa na yeye hakuambiwa. Waya wa faiba unaotoka kituoni kwao hauji kwangu peke yangu. Mwanga unaopita ndani yake hugawanywa njiani, na mstari mmoja huweza kuhudumia nyumba 32 au hata 64, zikigawana kasi ya gigabiti 2.5 kwa sekunde. Mgawanyo wa mwisho unafanyika ndani ya boksi la nguzoni, na kila tundu ni nyumba moja. Tundu likikosekana, faiba inaweza kupita mbele ya dirisha lako kila siku na usiwe na haki nayo, kama abiria aliyesimama kituoni huku daladala iliyojaa ikimpita.

Neno “imefika” kwa hiyo lina maana tatu, Ndugu Mhariri, na mteja anauziwa ile pana kuliko zote. Kuna kufika kwa maana ya mkongo kupita barabara kuu; kuna kufika kwa maana ya boksi kuwapo umbali ambao waya wa kuingia nyumbani unaweza kuvutwa; na kuna kufika kwa maana ya tundu kuwa wazi likisubiri jina lako. Anayejenga Madale, Goba, Bunju au Chanika na kuambiwa kwamba huduma ipo anadhani ameambiwa maana ya tatu, na kwa dhana hiyo analipia mwezi wa kwanza, anarudisha ruta ya laini aliyokuwa ameazima, na wengine hata wanamwahidi mwajiri kwamba kuanzia Jumatatu watafanyia kazi nyumbani. Mimi nililipa Machi 3. Mwezi wangu wa kwanza wa huduma, kwa maana ya fedha kutoka mfukoni, ulianza siku 86 kabla ya huduma yenyewe, ingawa nakiri kwamba waliuhesabu upya baada ya mimi kulalamika.

Nilikumbuka jambo moja siku ile chini ya nguzo. Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu na intaneti ikadhoofika karibu Afrika Mashariki yote, na sisi wananchi tulitangaziwa mapema kwamba tatizo liko baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nikajiuliza inakuwaje tuambiwe mahali waya ulipokatika chini ya bahari, lakini mtu wa Madale asiweze kuambiwa kama nguzo ya mtaani kwake ina nafasi, wakati aliyelifunga boksi lile na kuwaunganisha watu 8 ni kampuni ileile inayopokea fomu yake.

Wasomaji wa rika langu watasema kwamba haya ni madogo, na kwamba wakati wa Shirika la Posta na Simu watu walingoja laini kwa miaka. Ni kweli. Marehemu baba aliomba laini mwishoni mwa miaka ya 1980, akapewa nikiwa nimeshamaliza shule. Lakini alikuwa na barua yenye mhuri iliyomwambia kwamba laini hazitoshi na kwamba atajulishwa zitakapoongezwa, na barua ile, pamoja na ubaya wa habari yake, ilimfanya mtu apange maisha yake bila simu. Kinachochosha ni kuishi kila siku kana kwamba mafundi watakuja kesho, usiondoke nyumbani, usinunue bando kubwa, usikubali kazi ya mbali, halafu kesho hiyo isifike.

Boksi la pili lilifungwa katikati ya Mei, baada ya kupatikana waombaji sita wa mtaa mmoja, wanne kati yao nikiwa nimewatafuta mwenyewe kwa kupitia nyumba hadi nyumba kama karani wa sensa. Hata hilo laiti ningeambiwa Machi, kwamba tukifika idadi fulani boksi litaletwa, ningelifanya Machi, tena kwa furaha. Kuna kijana mmoja katika mlolongo huo aliyeninong'oneza kwamba kazi ingeenda haraka “nikiwawezesha” mafundi kidogo. Sikuwawezesha, na sina hakika kama kuchelewa kwangu kulitokana na hilo; nalitaja kwa kuwa mahali pasipo na tarehe rasmi ndipo tarehe zinapoanza kuuzwa.

Siku ya kuunganishwa, Mei 28, alikuja fundi mmoja na msaidizi wake, nami nilikaa nao muda wote kwa sababu sikuwa tayari kuwaacha waondoke. Walivuta waya kutoka nguzo hadi nguzo, wakautoboza ukutani kando ya dirisha la sebule, na nikapendezwa kuona kwamba kabla haujaingia tunduni waliuacha uning'inie kidogo chini ya tundu, ili maji ya mvua yakishuka na waya yadondokee nje badala ya kufuata njia ya ndani. Kisha fundi aliketi sakafuni, akamenya ganda la waya hadi ukabaki uzi wa kioo mwembamba kama unywele, mikromita 125 kwa upana, na mwanga wenyewe, alinieleza, hupita katika kiini cha mikromita 9 tu. Aliufuta kwa spiriti, akaukata kwa kisu maalumu, akauweka kwenye mashine inayounganisha kwa cheche ya umeme, na kwenye kioo cha mashine tuliona ncha mbili zikisogeleana hadi zikawa kitu kimoja.

Kisanduku kilipowashwa, taa iliyoandikwa LOS, ile inayoonya kwamba mwanga haufiki vizuri, ikawa nyekundu na kupepesa. Alipopima mwanga, kipimo kilisoma hasi 29 dBm, namba inayozidi kushuka kadiri mwanga unavyofifia, akasema kisanduku hakisomi vizuri kitu kilicho chini ya hasi 27. Aliyefanya kazi kwa kubahatisha angelaumu kituo na kuondoka. Huyu alirudi nyuma kwa miguu, akipima, hadi kwenye kona ya ukuta wa geti, ambako msaidizi wake alikuwa ameufunga waya kwa bindingi waya ya nondo na kuukunja kona kali kabisa. Kioo kikikunjwa namna hiyo mwanga huvuja pembeni. Aliukata, akauunganisha upya, akaulegeza, na kipimo kikasoma hasi 20. Taa ikawa ya kijani. Saa ilikuwa kumi na mbili kasoro robo jioni.

Mama alipigiwa simu ya kwanza na mdogo wangu wa Tanga usiku uleule, na nyumba nzima ilikaa kimya kusikiliza. Siku nne baadaye umeme ulikatika jioni, nami nilikuwa njiani. Nilipiga namba ya nyumbani kumjulisha kwamba nimechelewa, ikawa haipatikani. Nilipiga tena na tena. Nilifika nikiwa nimeshafikiria mabaya yote, nikamkuta mama amekaa gizani, mzima, na mkono wa simu sikioni, akiniambia kwamba simu yake mpya imekufa.

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo naomba lielezwe kwa kila mtu anayewekewa simu ya mezani kwa njia ya faiba, hasa kama anaiweka kwa ajili ya mzee, mgonjwa au mtoto anayebaki peke yake. Simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48 zilizokuwa zikija kwenye waya uleule uliobeba sauti, na kituo kilikuwa na betri zake; ndiyo maana umeme wa nyumba ulipokatika simu ya mezani ilibaki hai, na sisi tuliokua nayo tukaamini kwamba hiyo ndiyo tabia ya simu ya mezani. Uzi wa kioo unabeba mwanga na haubebi umeme wa kuendesha simu. Kisanduku cha ukutani kikizimika, simu imezimika pamoja nacho, na mzee anayetaka kupiga 112 usiku wa giza hataipata kwa simu hiyo. Dawa yake ipo na si ghali sana, kwani nilinunua betri ndogo ya volti 12 inayokaa kati ya soketi na kisanduku, inayotupa saa kama nne za simu na intaneti. Wakala hakuitaja na katika fomu haimo. Hata fundi, pamoja na ustadi wake wote, aliona kwamba ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Kwa anayejenga sasa nina neno moja fupi la pembeni. Kabla ya lipu, mwambie fundi umeme alaze paipu moja tupu kutoka ukuta wa nje hadi katikati ya nyumba, yenye uzi wa kuvutia ndani yake, na nyingine ardhini kutoka getini hadi nyumbani. Mimi sikufanya hivyo, na ukuta wangu mpya umetobolewa, waya umepita juu ya jipsamu, kisanduku kimekaa kona ya sebule ambako mawimbi yake hayafiki chumba cha mama. Mwezi Juni mafundi wa bomba walioitwa na jirani waliukata waya wangu kwa sururu kwa sababu kipande cha kupita getini kilikuwa kimefukiwa kiganja kimoja tu chini ya mchanga.

Najua kampuni nazo zina yao ya kusema. Masika ya Aprili yaliifanya barabara yetu isipitike kwa gari lenye nguzo, na kuvusha waya juu ya barabara kunahitaji kibali cha mwenye barabara, awe TARURA au TANROADS. Boksi linalofungwa kwa ajili ya mteja mmoja halirudishi gharama zake upesi. Yote hayo nayakubali, na sidai kwamba kila anayeomba aunganishwe ndani ya wiki moja. Wako pia watakaosema nitumie intaneti ya laini ya simu kama Watanzania walio wengi. Niliitumia siku zote 86, na kwa mambo ya kawaida inatosha, lakini kupakia mafaili ya hesabu za mteja kwa bando linalokwisha katikati ya kazi ni adha ambayo simtakii mhasibu mwenzangu, tena mwisho wa mwezi.

Ninachoomba ni kidogo kuliko hayo. Kampuni inapopokea fomu na fedha ya mteja, impe karatasi au ujumbe wa simu wenye majibu ya kuaminika: boksi lililo karibu naye liko umbali gani, lina nafasi au halina, kama halina litaongezwa kwa sharti gani, simu yake itafanyaje umeme ukikatika, na kazi itakamilika tarehe ipi. Tarehe hiyo ikisogezwa kwa sababu ya mvua au kibali, ajulishwe kabla haijapita.

Nasisitiza tarehe kwa sababu moja ambayo niliigundua nilipotaka kulalamika. Tunayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na tunalo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Utaratibu unamtaka mteja aanze na mtoa huduma wake na asiporidhika apeleke lalamiko kwa Mamlaka. Nilikaa mezani nikaanza kuandika lalamiko langu, nikafika mahali pa kueleza kosa, kalamu ikasita. Ningeandika kwamba wamechelewa, lakini wamechelewa kutoka siku gani? Hakuna aliyeniahidi siku. Niliyepoteza miezi karibu mitatu sikuwa na hata saa moja ya ucheleweshaji ninayoweza kuithibitisha kwa maandishi. Naiomba Mamlaka iliangalie hili katika masharti inayowapa watoa huduma, maana haki ya kulalamikia ucheleweshaji haina pa kushika kama mteja hapewi tarehe ya kuanzia kuhesabu.

Wala haihitajiki fomu mpya. Nakala ya ile niliyoijaza Machi 3 ninayo hapa mezani ninapoandika, na chini kabisa, kati ya sahihi yangu na sahihi ya wakala, kuna mstari uliochapwa “Tarehe ya kuunganishwa,” wenye nukta nyingi mbele yake. Wakala aliuruka kwa kalamu bila hata kuutazama, nami sikumuuliza. Naomba mstari huo ujazwe.

Wako,
Mkazi wa Madale,
Dar es Salaam